Nyumba Bila Ardhi: Sheria, Daftari na Lugha ya Umiliki katika Pwani ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hufunzwa shuleni kama wasia kwa mfanyabiashara: aandike kilichoingia na kilichotoka, asije akafilisika bila kujua alipofilisikia. Hata hivyo, tukiisoma methali iyo hiyo mbele ya historia ya ardhi katika Pwani ya Kenya, inageuka kuwa kauli nzito zaidi. Wapo watu waliopoteza ardhi kwa sababu haikuandikwa daftarini. Wapo pia waliobaki na mali ambayo daftari halina ukurasa wake. Mali hiyo, kwa mazoea ya Mombasa na miji mingine ya mwambao, huitwa nyumba bila ardhi.

Makala haya yanakusudia kueleza nyumba bila ardhi ni nini, ilitokana na nini, na inasimama wapi mbele ya sheria za ardhi zilizopo baada ya Katiba ya mwaka 2010. Hoja yake ni moja: kwamba mgogoro wa ardhi katika Pwani ni, kwa kiasi kikubwa, mgogoro wa daftari na wa lugha ya daftari hilo. Wananchi hununua, hurithi na hugombania ardhi kwa Kiswahili. Sheria huisajili na kuiamulia kwa Kiingereza. Kati ya lugha hizo mbili kuna ufa, na aliye mnyonge ndiye anayetumbukia humo.

Huenda msomaji akauliza, "Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaingiaje katika mambo ya mawakili?" Jibu ni kwamba sheria ni matini. Ina msamiati wake, fasiri zake na utata wake. Mwanafasihi aliyezoea kupima uzito wa neno katika shairi hana sababu ya kuogopa kifungu cha sheria, hasa kifungu ambacho kwacho ukoo mzima waweza kulala nje.

Daftari la mwaka 1908

Mwambao wa Kenya ulikuwa na hali ya pekee wakati wa ukoloni. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimtambua Sultani wa Zanzibar kuwa mtawala wa ukanda wenye upana wa maili 10 kutoka baharini. Mwaka 1895, Uingereza iliafikiana na Sultani kuusimamia ukanda huo kwa jina lake. Wakoloni walikuta huko watu waliokwisha kumiliki mashamba na viwanja chini ya sheria ya Kiislamu, kwa hati na kwa mashahidi. Wamiliki hao hawangeweza kupuuzwa.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda huo alipeleke mbele ya msajili, atoe ushahidi, na akikubaliwa apewe cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Tunaweza kuona mara moja ni nani angefaidika na utaratibu kama huo. Alifaidika aliyejua kwamba tangazo limetolewa, aliyeweza kulisoma au kusomewa, na ambaye dhana yake ya umiliki ilifanana na ile ya msajili: mtu mmoja, kipande kimoja, mipaka iliyopimwa. Waarabu, Waswahili wenye mashamba na wafanyabiashara wa Kihindi walipeleka madai. Wamijikenda wengi, ambao kwao ardhi ilikuwa ya ukoo na haikuwa bidhaa ya mtu mmoja, hawakupeleka. Daftari lilipofungwa, wakawa wageni katika mashamba waliyozikwa babu zao.

Katika sheria hiyo mna jambo ambalo halina budi kutajwa, kwa kuwa ndilo mlango wa mada yetu. Ilieleza kwamba mwenye cheti cha umiliki wa ardhi atahesabiwa pia kuwa mwenye minazi, nyumba na majengo yaliyopo juu ya ardhi hiyo, isipokuwa pawe na maelezo katika cheti yanayosema vingine. Tuyatafakari maneno hayo. Kwa nini mtunzi wa sheria wa Kizungu aitaje minazi? Ni kwa sababu alikuta mahali ambapo mnazi ungeweza kuwa wa mtu mmoja na udongo uliouotesha ukawa wa mwingine. Mahali ambapo mtu angeweza kuuza au kuweka rahani minazi yake bila kuigusa ardhi. Sheria iliutambua ukweli huo, lakini ikaupa nafasi ndogo kama tanbihi. Aliyebahatika kuandikiwa maelezo katika cheti cha mwenzake alinusurika. Asiyeandikiwa, nyumba yake na minazi yake vilimezwa na cheti cha mwenye ardhi.

Nyumba bila ardhi ni nini?

Nyumba bila ardhi ni utaratibu ambao mtu hukodi kiwanja kwa mwenye ardhi, akajenga nyumba yake mwenyewe juu yake, na akaendelea kulipa kodi ya kiwanja, aghalabu kila mwezi. Kiwanja ni cha mwenye ardhi. Nyumba ni ya aliyejenga. Aliyejenga aweza kuiuza, kuipangisha, kuitoa zawadi au kuwaachia warithi wake. Katika mitaa ya Mombasa kama Majengo, nyumba nyingi za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma zimejengwa kwa utaratibu huu. Vizazi kadhaa vimezaliwa na kuolewa katika nyumba hizo.

Utaratibu huu unawezekana kwa sababu unaegemea fikra ya kisheria iliyokubalika mwambaoni tangu kale: kwamba jengo na ardhi ni mali mbili, na kila moja yaweza kuwa na mwenyewe. Sheria ya Kiingereza inaegemea fikra iliyo kinyume. Kwayo, chochote kilichoshikamanishwa na ardhi ni sehemu ya ardhi. Kwa hivyo mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba, awe amejenga au hakujenga. Sheria ya Idara ya Mahakama ya mwaka 1967 inazitaka mahakama za Kenya zifuate kanuni za sheria za Kiingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897, lakini kwa sharti kwamba zitumike kadiri hali ya Kenya na wakazi wake inavyoruhusu. Kwa kutumia sharti hilo na mazoea ya mwambao, mahakama zetu zimeutambua utaratibu wa nyumba bila ardhi katika kesi kadhaa. Hata hivyo, kutambuliwa si sawa na kulindwa.

Ili tuuone udhaifu huo, tuchukue mfano wa kubuni. Bi. Fulani amerithi kutoka kwa babake nyumba ya vyumba sita. Babake aliijenga kwa ruhusa ya mwenye kiwanja, na kodi imelipwa mwezi baada ya mwezi kwa miaka 50. Bi. Fulani anakaa katika chumba kimoja. Vitano amewapangisha watu, na kodi yao ndiyo imsomeshayo mjukuu wake. Babake alipofariki, kadhi aliihesabu nyumba hiyo katika mirathi na kuigawa kwa warithi. Mbele ya kadhi, basi, nyumba ilikuwa mali kamili. Sasa mwenye kiwanja naye amefariki, wanawe wameiuza ardhi kwa kampuni, na kampuni inataka kujenga ghorofa. Bi. Fulani ana haki gani?

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inampa haki moja. Kifungu chake cha 28 kinaorodhesha haki zinazoendelea kuwepo juu ya ardhi hata kama hazikuandikwa daftarini, na mojawapo ni upangaji wa vipindi, yaani ule unaojirudia kila mwezi au kila mwaka. Mnunuzi mpya, kwa hivyo, hawezi kumtimua Bi. Fulani kwa hoja tu kwamba jina lake halimo daftarini. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo inaeleza kuwa upangaji wa vipindi waweza kusitishwa kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja. Ikiwa kodi ni ya mwezi, notisi yatosha kuwa ya mwezi. Hapo ndipo penye kitendawili: nyumba yake imedumu vizazi vitatu, lakini haki yake juu ya udongo inadumu mwezi mmoja.

Kitendawili hicho kina upande mwingine ulio mchungu zaidi. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka inamruhusu mtu aliyekaa katika ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi, mfululizo na bila ruhusa ya mwenyewe, kuiomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Neno lenye uzito hapo ni "bila ruhusa." Bi. Fulani hawezi kuitumia sheria hii, kwa kuwa amekaa kwa ruhusa na analipa kodi. Risiti alizozihifadhi kwa uaminifu katika sanduku la babake ndizo ushahidi wa kwanza dhidi yake. Aliyevamia ardhi na kunyamaza kwa miaka 12 aweza kuwa na hoja yenye nguvu kuliko aliyelipa kila mwezi kwa miaka 50.

Mwenye nyumba ni nani?

Ni vyema sasa tuuangalie mgogoro huu kwa jicho la lugha. Katika Kiswahili, mtu anayepangisha vyumba huitwa mwenye nyumba, na anayelipa huitwa mpangaji. Wapangaji wa Bi. Fulani humwita mwenye nyumba, na majirani vilevile. Ukienda katika nyaraka za sheria, yeye ni mpangaji. Maneno yote mawili ni ya kweli, ila yanatazama vitu viwili. Kiswahili kinaitazama nyumba, kwa kuwa ndiyo makao, ndiyo heshima na ndiyo urithi. Sheria inautazama udongo, kwa kuwa ndio uliopimwa na kuandikwa.

Neno skwota nalo linastahili kupekuliwa. Limeingia Kiswahili kutoka Kiingereza, na kule lilikotoka lina maana ya mtu aliyekalia ardhi pasipo haki. Mtu aliyezaliwa Kilifi katika ardhi ya ukoo wake, ambayo babu yake hakuidai mwaka 1908, anapoitwa skwota, kesi yake imeshaamuliwa kabla hajafika mahakamani. Akiitwa mwenyeji, kesi inaanza upya. Vyombo vya habari, wanasiasa na hata sisi waandishi hulitumia neno hilo bila kulipima, nasi hatujui kwamba tunatoa hukumu.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina msamiati wa kisheria uliokomaa ambao haujatumika ipasavyo. Tuna miliki, milki na umiliki. Tuna hati, rahani, wakfu, mirathi, wasia, amana na dhamana. Haya si maneno ya kubuniwa juzi katika kamusi. Yalitumiwa sokoni, msikitini na mbele ya kadhi kwa karne nyingi. Neno wakfu, kwa mfano, lina ndani yake nadharia kamili ya mali isiyouzwa wala kurithiwa, ambayo faida yake huendelea kuwafaa walengwa. Anayedai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sheria ya ardhi amesahau kwamba kiliibeba kabla ya afisi ya usajili kujengwa.

Hata Katiba yenyewe haijaifunga milango. Katika ibara ya 260, fasiri ya neno ardhi inataja uso wa dunia na mwamba ulio chini yake, maji, rasilimali zilizomo na anga iliyo juu yake. Majengo hayakutajwa. Ibara iyo hiyo inapofasiri neno mali, inataja haki inayotokana na ardhi au na vitu vya kudumu vilivyowekwa juu yake, pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu ya ardhi. Maneno hayo yanatoa nafasi ya kujenga hoja kwamba nyumba yaweza kuwa mali inayolindwa na ibara ya 40 hata pale ambapo udongo ni wa mtu mwingine.

Isitoshe, Bunge limeonyesha kwamba likitaka laweza kuitenga nyumba na udongo. Sheria ya Mali za Vitengo ya mwaka 2020 inamwezesha mnunuzi wa nyumba katika ghorofa kupata hatimiliki ya kitengo chake. Aliye katika orofa ya nane ana nyumba ambayo haigusi udongo kabisa, na anapewa hati. Kampuni itakayojenga ghorofa mahali pa nyumba ya Bi. Fulani itaweza kuwauzia wengine kile ambacho yeye aliambiwa hawezi kukisajili: nyumba iliyotengwa na ardhi. Tofauti ni kwamba mmoja ametungiwa sheria na mwingine ameachiwa mazoea.

Hati yaanza kuulizwa maswali

Kwa muda mrefu, sheria ya Kenya iliiheshimu hatimiliki kama maandishi matakatifu. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ilimpa aliyesajiliwa umiliki kamili, na katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo ya mwaka 1972, mahakama ilishikilia kwamba usajili ulizizima haki za kimila ambazo hazikuandikwa. Mtoto mkubwa aliyeandikishwa kwa niaba ya ukoo angeweza kuwageuka nduguze, na daftari likamuunga mkono. Si ajabu kwamba hila za hati na unyakuzi wa mashamba zimekuwa mada ya kudumu katika fasihi yetu. Marehemu Ken Walibora alizishughulikia katika riwaya yake ya Kidagaa Kimemwozea.

Msimamo huo umekuwa ukibadilika. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, nayo Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ikakiri kwamba tatizo la Pwani linahitaji kushughulikiwa kwa namna ya pekee. Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi nacho kinaruhusu hatimiliki kupingwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu, kwa kukiuka utaratibu au kwa njama ya ufisadi.

Mahakama ya Juu imeyatilia nguvu mabadiliko hayo katika hukumu mbili zinazofaa kukumbukwa. Mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari iliyohusu ardhi ya ukoo huko Meru, ilithibitisha kwamba aliyesajiliwa aweza kuwa ameishika ardhi kama amana ya kimila kwa niaba ya wenzake, hata kama amana hiyo haikuandikwa, na hata kama anayedai haikalii ardhi hiyo. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliyohusu kiwanja cha Nyali kilichokuwa nafasi ya umma ya kufikia ufuo, ilisema kwamba mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati ikiwa mizizi ya hati hiyo ni haramu. Hati haisemi tena, "Mimi ndimi mwisho wa maneno." Inaulizwa, "Ulitoka wapi?"

Je, hukumu hizi zinamfaa Bi. Fulani? Kwa sehemu tu. Hati ya mwenye kiwanja chake huenda ni halali tangu mwanzo, na yeye si jamaa wa ukoo huo. Lakini zinamfaa kwa jambo moja kubwa: zimevunja imani kwamba kisichoandikwa daftarini hakipo. Mlango huo ukishafunguliwa, ni kazi ya mawakili, mahakama na Bunge kuuliza kama ruhusa ya kujenga iliyotolewa na kuheshimiwa kwa nusu karne haizai haki yoyote kubwa kuliko notisi ya mwezi.

Notisi kwa lugha gani?

Tumefika mahali ambapo sheria na Kiswahili vinakutana ana kwa ana. Mwaka 2016 Sheria ya Ardhi ilifanyiwa marekebisho, vikaongezwa vifungu kuhusu kuwahamisha watu. Kwa mujibu wa kifungu cha 152E, mwenye ardhi ya kibinafsi anayetaka kumwondoa mtu aliyeikalia bila idhini yake ni lazima ampe notisi isiyopungua miezi mitatu. Notisi hiyo iwe ya maandishi. Ikiwa wakazi ni wengi, itangazwe katika magazeti mawili ya kila siku na kubandikwa mahali pasipopungua patano katika ardhi hiyo. Ieleze masharti kuhusu kubomoa majengo na kuvuna mazao. Nakala ipelekwe kwa naibu wa kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo. Anayepewa notisi ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu.

Upangaji wa Bi. Fulani ukishasitishwa, atahesabiwa kuwa amekalia ardhi bila idhini, na vifungu hivi ndivyo vitakavyosimama kati yake na tingatinga. Miezi mitatu si mingi, lakini ni mingi kuliko mmoja.

Kifungu hicho kina sharti jingine ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kulijua kwa moyo: kwamba notisi iwe katika lugha ya taifa na rasmi. Ibara ya 7 ya Katiba inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Lugha ya taifa ni moja. Lugha iliyo ya taifa na pia rasmi ni moja. Wapo watakaosema kwamba mtunzi alikusudia lugha yoyote kati ya hizo mbili. Lakini kisarufi, kiunganishi "na" hakifanyi kazi ya "au." Tukiyasoma maneno kama yalivyo, notisi ya kumhamisha mtu iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee haijatimiza sharti. Hoja hii si mzaha wa wanasarufi. Mtu aliyeletewa karatasi asiyoielewa, akaiweka juu ya kabati hadi mwanawe atoke mjini, amepoteza wiki kadhaa katika miezi mitatu aliyopewa.

Inasikitisha kwamba lugha inayotakiwa wakati wa kumhamisha mwananchi haitumiki wakati wa kumpa umiliki. Hatimiliki za Kenya hutolewa kwa Kiingereza. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu na ya Rufaa ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili chaweza kutumika katika mahakama za chini. Katiba yenyewe, katika ibara ya 259, inaeleza kwamba tafsiri zikigongana, toleo la Kiingereza ndilo litakaloshinda. Mfumo wa usajili wa kielektroniki uliozinduliwa mwaka 2021 ulipewa jina zuri la Kiswahili, Ardhisasa, lakini hati zake zikabaki za Kiingereza. Tumekipa Kiswahili kibao cha mlangoni, tukakinyima kiti ndani ya nyumba.

Funzo kutoka kwa jirani na jukumu letu

Kwa majirani zetu wa Tanzania mambo yamekwenda vingine. Mfumo wao wa ardhi ni tofauti na wetu, kwa kuwa ardhi yote huko ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hatuwezi kuunakili mzima mzima. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imewezesha wanavijiji kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na jina hilo lenyewe ni ushahidi kwamba dhana ya kisheria yaweza kuzaliwa na kukaa katika Kiswahili. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Utekelezaji haukosi changamoto, na Kiingereza hakijaondoka. Hata hivyo, mwelekeo umewekwa.

Kwetu Kenya, tunaweza kupendekeza mambo matatu. Kwanza, fomu za msingi za ardhi, yaani mkataba wa kuuza, ombi la idhini ya bodi ya ardhi, hatimiliki na notisi, zitolewe kwa lugha zote mbili rasmi. Pili, Bunge litunge sheria ya kuisajili nyumba bila ardhi kama mali inayojitegemea, pamoja na muda wa notisi unaolingana na umri wa nyumba na fidia kwa aliyejenga. Tatu, idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya sheria kuandaa msamiati uliosanifiwa wa sheria ya ardhi, kwa kuanzia na maneno ambayo wananchi tayari wanayatumia. Mada hii ingewafaa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta la kutafitia. Nyaraka za mahakama za kadhi, hati za zamani za mauzo ya mashamba na mazungumzo ya wazee wa mitaa ni hazina ya lugha inayopungua kila mwaka.

Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya mwaka 1908 iliwageuza wenyeji kuwa wageni kwa sababu hawakuandikwa, na kwamba iliipa nyumba ya mtu juu ya kiwanja cha mwenzake nafasi ya tanbihi tu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2012, lakini nyumba zingalipo, na wenyewe wangali wanalipa kodi ya kiwanja. Katiba imetoa msingi wa kuwalinda. Mahakama zimeanza kuiuliza hatimiliki ilikotoka. Sheria ya notisi imetamka lugha ya taifa. Kinachosalia ni daftari kupanuliwa ili liwe na ukurasa wa nyumba bila ardhi, na ukurasa huo uandikwe kwa lugha ambayo mwenye nyumba ataisoma bila mkalimani. Bila hivyo, mali itaendelea kupotea hata ikiwa ina daftari, kwa kuwa habari zake zitakuwa zimeandikwa kwa lugha ya wengine.